Niliubeba Ubao Hadi Kitintale

Mama mwenye ndoo tatu za dagaa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza. Jua lilikuwa limezama, tumekaa bandari ya Mwanza Kaskazini tukisubiri kupanda MV Victoria kwenda Bukoba, na mzigo wangu nilikuwa nimeufunga kwa kitenge. Magurudumu mawili yalikuwa yanachungulia pembeni.

"Mwanangu, hicho ni kitoroli cha mtoto?"

"Hapana, mayu. Ni ubao wa kuchezea. Unasimama juu yake, unateleza."

"Wa mwanao?"

"Wangu mwenyewe."

Alinitazama ndevu, akatazama viatu, akarudi kwenye mzigo. Hakucheka. Alivuta ndoo moja ili nipate pa kunyoosha miguu, akasema, "Basi Mungu akutangulie na huo ubao wako."

Nilikuwa na miaka 31, mwalimu wa hisabati wa sekondari, na sikuwa nimewahi kuvuka mpaka wa nchi yangu. Shule tulikuwa tumeifunga siku tatu kabla, likizo ya Desemba. Wenzangu walikwenda vijijini kulima. Mimi nilikuwa naelekea Kitintale, kitongoji cha Kampala kilicho njiani kwenda Port Bell, upande wa pili wa ziwa hilihili ninaloamka nalo kila siku. Huko, tangu mwaka 2006, kuna uwanja wa zege uliojengwa kwa ajili ya skeitibodi, unaotajwa kuwa wa kwanza wa aina yake Afrika Mashariki. Nilikuwa nimeuona kwenye picha za Yann Gross, mpiga picha wa Uswisi. Sasa nilitaka kuukanyaga, na kilichonisukuma ni mtu mmoja ambaye hajui kama nipo duniani.

Ubao wenyewe niliupata soko la Mlango Mmoja, Mwanza, kwenye mitumba, miaka minne kabla ya safari hiyo. Muuzaji alikuwa ameuchanganya na mabegi ya shule na raba. Alisema elfu ishirini, tukaelewana kumi na mbili. Ulikuwa wa tabaka saba za mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, ncha zote mbili zimepinda juu kidogo, na juu yake umebandikwa msasa mweusi ili kiatu kishike. Kila gurudumu lina beringi mbili; mbili kati ya hizo nane zilikuwa zimekamatwa na kutu, hazizunguki. Nilipeleka moja kwenye duka la vipuri. Muuzaji aliigeuza kwenye mwanga, akasoma namba, akasema, "Hii ni 608, ipo," akanitolea mbili mpya kutoka kwenye boksi la kawaida kabisa, kama anayeuza misumari. Nilitoka dukani nikiwa na furaha ambayo nashindwa kuieleza hadi leo. Chombo kilichotoka mbali namna ile kilikuwa na vipuri vyake Mwanza, vimekaa rafuni, vinanisubiri.

Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyeniletea video. "Mwalimu, ule ubao wako unatumika hivi," alisema, akanipa memori kadi. Niliichomeka usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Nikamwona mtu yuko kwenye uwanja wa shule, anasukuma kwa mguu mara mbili, anaelekea meza ndefu ya kulia chakula, ile ya mbao iliyounganishwa na mabenchi yake. Anaruka, na ubao unaruka naye bila kushikwa na mkono. Anatua juu ya meza kwa magurudumu mawili ya nyuma tu, ya mbele yakiwa hewani, anaipita meza yote hivyo, ametulia kama aliyesimama foleni. Mwishoni ubao unajizungusha chini ya nyayo zake, unamsubiri, naye anaushukia. Niliirudisha mpaka simu ikaisha chaji. Jina lake ni Daewon Song.

Alizaliwa Korea Kusini mwaka 1975, akakulia Gardena, California. Mwaka 1992, akiwa kijana wa miaka 17, alitokea kwenye video iitwayo Love Child. Mwaka 1993 akatokea tena, New World Order. Mwaka 1997 aliwekwa kwenye video moja na Rodney Mullen, kila mtu na upande wake, watazamaji waamue. Na huyo Mullen ndiye aliyewafundisha walimwengu kuurusha ubao kutoka kwenye ardhi tambarare bila kuushika, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakarudiana mwaka 1999, na mara ya tatu mwaka 2004. Mwaka 2006 ikatoka Cheese & Crackers, yeye na Chris Haslam kwenye rampu ndogo, na mwaka huohuo jarida la Thrasher likamtangaza mchezaji wa mwaka. Alikuwa na miaka 31. Mwaka 2018 alianzisha na mchezaji mwenzake Torey Pudwill kampuni ya mbao, wakaiita Thank You, yaani Asante. Februari 2025 alitimiza miaka 50.

Miaka hiyo niliiandika nyuma ya daftari langu la alama, mmoja chini ya mwingine, kama tunavyoandika data kabla ya kuchora grafu. Hizo ni kazi kubwa tu. Katikati yake kuna vipande vingine vingi, vifupi kwa virefu, na kila nilipodhani hapa alipumzika nilikuta kitu. Ndipo nilipoanza kumheshimu kwa namna nyingine. Ufundi wake ulinivuta, nakiri. Lakini mafundi ni wengi. Kilichonishika ni ile orodha isiyokatika.

Msomaji ambaye hajaujua mchezo huu anaweza kuuliza orodha hiyo ina uzito gani. Mchezaji wa skeitibodi hana ligi inayomlazimisha kuamka. Mashindano yapo, na tangu Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021 mchezo huu uko Olimpiki; binti wa Kijapani, Momiji Nishiya, alichukua dhahabu akiwa na miaka 13. Hata hivyo wenyewe wachezaji humpima mwenzao kwa video. Kazi yake ni dakika tatu, nne, tano za picha, na ndani ya dakika hizo kila mruko unachukua sekunde chache. Nyuma ya hizo sekunde kuna siku nzima za kuanguka kwenye saruji, na wakati mwingine miezi. Hakuna kocha wa kumpanga, hakuna refa wa kupuliza filimbi. Akitaka kuacha, anaacha, na wala hakuna atakayemfuata nyumbani kumuuliza. Sasa mtu wa namna hiyo anapoleta kazi akiwa na miaka 17, 22, 24, 29, 31, akaendelea kuileta nywele zikianza mvi, ujue anaamka mwenyewe.

Sisi tuna wa kwetu wa kumlinganisha naye. Alphonce Simbu alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2017 akapata shaba ya dunia London. Mwaka 2022 fedha ya Jumuiya ya Madola Birmingham, Aprili 2025 wa pili Boston. Septemba 2025, Tokyo, akavuka mstari kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros, ikabidi picha iamue, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Siku ile watu walipiga kelele mitaani kana kwamba Simbu kazaliwa asubuhi. Mimi nilifurahia dhahabu, lakini nilichokipigia saluti ni ile miaka tisa.

Tatizo la Mwanza ni ardhi. Mji huu umekaa juu ya mawe. Mawe yake ni mazuri mno, yanapandana kwa namna ambayo hakuna mjenzi angethubutu, ila hakuna gurudumu la milimita 52 linaloyaweza. Barabara za lami zina mchanga na magari. Mteremko wa Capri Point ungekuwa mtamu sana, lakini chini yake kuna makutano. Kwa miaka minne nilicheza mahali pa kuokoteza: ukumbi wa wazi mbele ya maduka kabla hayajafunguliwa, sakafu ya kituo kimoja cha mafuta mpaka mlinzi aliponiondoa, varanda ya shule siku za Jumapili. Nilivunjika mfupa wa kiganja mara moja. Nilijifunza oli, yaani kule kuruka na ubao, na ilinichukua miezi saba. Unakanyaga mkia wa ubao kwa nguvu mpaka ugonge chini. Papo hapo mguu wa mbele unasugua msasa kwenda juu, ubao unaufuata mguu kama mbuzi anavyofuata majani. Kiatu cha mbele hutoboka upande wa kidole kidogo. Ukimwona kijana ana tundu pale, msalimie, mmoja wetu huyo.

Nilikuwa peke yangu, na hilo ndilo lililonichosha. Mwalimu mtu mzima asubuhi na mapema anagonga mbao kwenye sakafu: majirani walikuwa na maswali yao, na mama yangu pia. Nilipomwambia naenda Uganda kuona uwanja, alinyamaza kwanza, kisha akauliza kwa nini naenda kwa meli. Mabasi yapo. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa wakati ule, lakini vivuko vilikuwepo. Mama hapandi meli tangu tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama karibu kabisa na Mwanza, na kila tunapopita Igoma, yalipo makaburi ya wale marehemu, yeye hukatisha mazungumzo. Nilimwambia kwamba nimeishi ukingoni mwa ziwa miaka yote hii na sijawahi kulivuka. Alikwenda chumbani akarudi na kitenge. "Ufunge vizuri huo mti wako," akasema.

Tuliondoka usiku. Jiwe la Bismarck lilipita upande mmoja, jeusi, likiwa limesimama juu ya mengine kama lililosahauliwa hapo, na taa za milimani zikaanza kushikana zikawa ukanda mmoja. Nilikuwa daraja la kukaa. Nilitoka nje, nikashika chuma cha pembeni, kikawa baridi na kina unyevu. MV Victoria ilianza kazi mwaka 1961. Ilitengenezwa Scotland vipande vipande, ikaja kuunganishwa Kisumu. Ilisimama mwaka 2014, ikakarabatiwa, ikarudi majini mwaka 2020. Injini mpya, bodi ileile. Usiku ule nilihisi mtikisiko wake miguuni saa baada ya saa, haupandi wala haushuki, na nikamfikiria mtu wangu wa Gardena.

Mama wa dagaa alilala akiegemea ndoo. Alfajiri tulisimama Kemondo, na kulipokucha vizuri tukawa Bukoba.

Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Getini akina mama waliwauza kwenye vikombe vya plastiki, wamekaangwa wakakauka, wanang'aa. Nilinunua viwili, kimoja cha kula na kimoja cha kupeleka, kwa kuwa nilijua Waganda nao wanawapenda na sikutaka kufika mikono mitupu. Kisha nikapata gari dogo la Mutukula, mpakani. Tulipita Kyaka, darajani pale ambapo majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja la mto Kagera mwaka 1978. Abiria mmoja mzee alivua kofia tulipovuka, hakusema neno, akaivaa tena ng'ambo.

Pale Mutukula, ofisa wa upande wa pili alinifungulisha kitenge. Aliuzungusha ubao, akagusa msasa, akapiga magurudumu yakazunguka.

"Hiki ni cha nini?"

"Ni mchezo, afande. Naenda Kitintale."

"Onyesha."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu kama ishirini, wengine na mikungu ya ndizi. Sakafu ilikuwa ya zege laini, bora kuliko yoyote niliyoizoea. Nikaweka ubao, nikasukuma mara moja, nikaruka oli. Haikuwa ya juu, lakini magurudumu manne yalitua pamoja, ukasikika mlio mmoja. Mtu akapiga makofi. Ofisa akagonga muhuri. Huo ndio muhuri wa kwanza kwenye pasipoti yangu.

Kutoka Mutukula hadi Masaka, na Masaka hadi Kampala, sitasimulia sana. Nilichoka, nilibanwa dirishani, nikaona lile duara la saruji la mstari wa ikweta pale Kayabwe likipita. Kampala iliniingia masikioni kabla ya machoni. Nililala nyumba ya wageni, na asubuhi nikapanda taksi, yaani hiace kwa lugha ya kwetu, nikashuka Kitintale barabara ya Port Bell. Nilimwonyesha kijana wa bodaboda ubao. Hakuuliza kitu. Alielekeza kwa kidevu kati ya nyumba mbili.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilitokea kwenye kona, nikauona uwanja, na juu ya uwanja kulikuwa na watoto na vijana wapatao kumi na watano, wote wameinama. Walikuwa wanaukausha. Mmoja alikuwa na fagio, anasukumia maji chini. Wengine walikuwa na magunia, sweta kuukuu, kipande cha godoro. Walikuwa wanakandamiza godoro kwenye dimbwi, wanakwenda kulikamua pembeni, wanarudi. Hapakuwa na aliyekuwa anatoa amri. Walifanya hivyo kwa muda wa karibu saa nzima, na jua lilipotokea wakakaa ukingoni wakitazama mabaka meusi ya unyevu yakipungua, kama watu wanaotazama sufuria.

Mimi niliweka begi chini, nikachukua gunia.

Uwanja wenyewe si mkubwa. Ni zege lililokunjwa pembeni likawa kuta fupi zilizopinda, na nyumba za watu zimeuzunguka karibu sana. Nguo zilizoanikwa zinaweza kuguswa na aliyeruka vibaya. Una nyufa, na nyufa zimezibwa, na vizibo vingine navyo vimepasuka vikazibwa tena, kiasi kwamba ukipitisha kiganja unasoma miaka yake. Aliyeuanzisha ni Jackson Mubiru, kijana wa hapohapo Kitintale, pamoja na Shael Swart aliyetoka nje ya Uganda. Walichimba na kumwaga zege kwa mikono yao wenyewe na ya vijana wa mtaa. Nairobi ilipata uwanja wake Shangilia, Kangemi, mwaka 2013, kwa msaada wa shirika la Kijerumani la skate-aid. Kitintale ilikuwa imeshatangulia kwa miaka saba.

Mbao zilikuwa chache kuliko watu. Walizungushana kwa zamu bila ugomvi. Mtu anamaliza, anausukuma ubao kwa mguu kuelekea kwa mwingine, anakaa. Nilipoutoa wangu niliutia kwenye mzunguko, na kwa siku mbili sikuuona zaidi ya robo ya muda.

Mtoto wa miaka kumi hivi ndiye aliyenipa kazi. Nilikuwa nimemwambia kwamba mimi ni mwalimu, kwa hiyo jina langu likawa Musomesa. Alitaka nishuke ukutani. Kushuka ukutani ni hivi: unaweka mkia wa ubao kwenye ukingo wa juu, mwili wote wa ubao unaning'inia hewani mbele yako, na kisha unaupiga mguu wa mbele chini na kuuamini. Ukisita na kuegemea nyuma, ubao unakimbia na wewe unabaki. Nilisita. Nilianguka kwa mgongo, pumzi ikatoka. Yule mtoto alikuja na mwenzake, kila mmoja akanishika mkono, wakasimama chini yangu kulia na kushoto.

"Musomesa, mpola mpola. Kanyaga tu."

Nilikanyaga. Walikimbia nami wakiwa wamenishika, kisha wakaachia, nikajikuta niko katikati ya uwanja, nimesimama, naenda. Walinirudisha juu mara tano. Mara ya sita walikataa kunishika mikono.

Lakini niliyemtazama zaidi alikuwa kijana mwingine, wa miaka kama 18, mkimya, amevaa fulana iliyotoboka kiwiko. Alikuwa anatafuta mruko mmoja: apande ukuta, ubao ujizungushe mara moja kwa urefu wake, aukamate kwa miguu, ashuke. Asubuhi ile alijaribu, akakosa. Akala, akarudi, akakosa. Kila akikosa alifanya jambo moja: aliufuata ubao ulipokimbilia, akageuza, akafuta magurudumu kwa kiganja, akarudi mahali palepale pa kuanzia, kwenye ufa uleule. Hakuwahi kuupiga teke ubao wala kulaani. Jioni aliondoka akiwa hajapata. Kesho yake nilimkuta ameshafika, ameukausha uwanja tayari.

Mchana wa siku ya pili nilikwenda kununua rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, kwa mkaangaji wa kando ya njia. Nikiwa nasubiri nikasikia mbao zinagongwa kwenye zege, nyingi kwa pamoja, na hayo ndiyo makofi ya watu wa skeitibodi. Nilikimbia. Nilipofika alikuwa ameshasimama chini, anafuta magurudumu. Mwenzake alikuwa ameirekodi kwenye simu. Walinionyesha. Sekunde nne.

Nilipiga hesabu hapohapo, sikuweza kujizuia: siku moja na nusu kwa sekunde nne. Kwa mwendo huo dakika tatu zingemtaka siku 67 na nusu, bila mvua, bila kuumia, bila siku ya kwenda kutafuta riziki. Nikafikiria dakika zote za Daewon Song tangu 1992, na kwa mara ya kwanza nikauona ukubwa wake mwilini mwangu, nikiwa na mgongo unaouma. Kwenye daftari ilikuwa namba tu.

Nilimtaja jina. Mkubwa wao mmoja, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kwa kuwa alifanya kazi Nairobi, alitabasamu. "Yule mzee? Yule hatuachi kumtazama. Sisi hatuna reli ndefu, hatuna ngazi za marumaru. Yeye alichukua meza ya shule. Meza tunazo." Tukakaa ukingoni, wanane tukibanana kwenye skrini moja, nikawaonyesha ile video ya kwanza ya kwenye memori kadi. Walikuwa wameshaiona wote. Waliitazama tena kimya, na aliposhuka mezani wakagonga mbao.

Kijana wa mruko hakuwa nasi. Alikuwa amerudi kwenye ufa wake. Nilimuuliza baadaye, kupitia yule wa Nairobi, kwa nini anaendelea ilhali ameshaupata. Akasema ameupata mara moja, na mara moja anaweza kuwa amebahatisha. Niliondoka jioni ile ameupata mara tatu. Kikombe cha senene nilikuwa nimekiacha mikononi mwa yule mtoto wa miaka kumi, akawagawia wenzake kwa hesabu, sita sita.

Nilirudi Mwanza kwa njia ileile. Mama alikagua kitenge kwanza, kisha mgongo wangu. Januari, shule ilipofunguliwa, wanafunzi wawili waliniomba niwafundishe oli. Sasa tuko saba, tuna mbao tatu, tunakutana kila Jumamosi saa 12 asubuhi, na wa mwisho kufika hufagia. Wazazi waliokuja kuuliza niliwapigia hesabu yangu ya Kitintale, na hakuna aliyemzuia mwanawe.

Tunachokosa ni sakafu. Eneo la mita 10 kwa 20, zege la sentimita 10, ni mita za ujazo 20, ambazo zinahitaji mifuko ya saruji kama 130, mchanga na kokoto. Mawe tunayo ya kutosha. Kama wewe unayesoma una ukumbi wa wazi usiotumika asubuhi, una ghala lenye sakafu tupu, au una sauti kwenye kikao chochote cha jiji kinachogawa viwanja, tunaomba Jumamosi moja tu kwa wiki. Tutakausha wenyewe ikinyesha.